Lenzi ya mtumba ina fangasi ndani: nifungue au nirudishe?

Mwanga_Juu: Wakuu, salaam toka Kigoma. Nimechukua Nikon AF 50mm f/1.8D ya mtumba. Nikiimulika tochi kwa nyuma naona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ukubwa wa punje ya mchele. Picha za kawaida ziko sawa, ila nikielekeza ziwani jua likizama, weusi unageuka kijivu. Muuzaji kanipa siku 3 za kurudisha. Ushauri tafadhali.

bisibisi_ndogo: Usiguse skrubu hata moja ndani ya hizo siku 3, utakosa pa kurudisha. Jua kwanza unachokiona. Nyuzi zenye matawi ni fangasi. Ukungu mwepesi ulioenea kioo kizima mara nyingi ni mvuke wa grisi, huo unafutika. Rangi za upinde wa mvua ukingoni maana yake gundi imeachia. Hiyo lenzi ina vioo 6 katika makundi 5, yaani jozi moja imegundishwa. Fangasi ikiwa katikati ya jozi, rudisha.

Mwanga_Juu: Iko kioo cha mbele, upande wa ndani.

Kahama_Road: Si uianike tu juani, fangasi ife?

fundi_TBR: Kufa siyo kutoka, mkuu. Nyuzi zinabaki palepale, na vioo vyenyewe vinazuia sehemu kubwa ya miale inayoua. Tena lenzi juani inakusanya mwanga, itakuchomea pazia.

Mwanga_Juu, hiyo inasafishika, ila mwambie muuzaji ashushe bei, maana fangasi hutoa asidi inayokula utando wa rangi juu ya kioo. Kama imeshakula, alama haitoki kwa dawa yoyote.

Pete ya mbele yenye maandishi ikandamize kwa kipande cha mpira, zungusha kinyume cha saa. Ya ndani yenye mikato miwili inataka spana ya ncha mbili. Mkasi ukiteleza umeshachora kioo. Kabla ya kutoa kioo, weka alama ya penseli ukingoni na upige picha: kikirudi kimegeuka, lenzi haitapata fokasi sawasawa.

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa: lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya madoa dakika 2, futa toka katikati kwenda nje, badili kitambaa. Suuza kwa maji ya betri (yale ya kuongezea, SIYO asidi), malizia na alkoholi safi. Spiriti ya rangi huacha michirizi. Alkoholi isifike kwenye rangi nyeusi ya ukingo, inabanduka.

bisibisi_ndogo: Ukifika kwenye skrubu za nyuma, bisibisi ya msalaba ya kawaida inazila vichwa. Ni za kiwango cha Kijapani, JIS.

Mwanga_Juu: Kapunguza bei, nabaki nayo. Kipima unyevu chumbani kinasoma asilimia 78, nitaihifadhije?

fundi_TBR: Achana na mfuko wa ngozi, ndiyo chakula chao. Chukua kontena la lita 10 lenye mfuniko wa mpira, silika (zile chembe za kunyonya unyevu) gramu 100, na hicho kipimo kikae humohumo. Lenga 40 hadi 50. Chini ya 30 grisi inakauka. Silika ya chungwa ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2. Ya bluu ina kobalti, usiikaangie sufuria ya mboga. Na mchele usiweke, unaacha vumbi.