Walimu tupeane uzoefu: siku gani hasira au machozi yalikuzidi darasani?

Vumbi la Chaki
Habari zenu walimu wenzangu. Leo ofisini kijana mmoja, bado mgeni kazini, kaingia kabwaga madaftari mezani, kakaa, kainamisha kichwa, hajasema neno mpaka kengele ikalia akabeba chaki zake akaenda kipindi kingine. Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza, nilikuwa nasahihisha. Sasa narudi nyumbani ndo siku yangu ikanijia yote kama jana.

Mtoto wangu mchanga alikuwa anaumwa, usiku wa tatu sijalala. Kipindi cha sita, hesabu, tunajumlisha sehemu, na nyuma kuna mvulana ana tabia ya kuvumisha wimbo puani akiwa anaandika. Nikamwambia acha, kaacha. Kidogo kaanza tena, nikamwambia. Mara ya tatu najikuta nimeshika kifutio nimekirusha. Hakikumpata namshukuru Mungu, kiligonga ukuta wa nyuma kikaacha mstatili mweupe, na ule mstatili ulikaa pale mpaka muhula unaisha, kila nikiinua macho nauona. Lakini si kifutio kilichonitisha, ni sauti. Nilipiga kelele kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siijui. Nikatoka nikajifungia chumba cha vitabu, nikakaa juu ya mafurushi ya vitabu vya mtaala wa zamani nikalia kama dakika 20 hivi. Niliporudi kiranja alikuwa mbele anamalizia mfano nilioacha ubaoni, kakosea lakini anaendelea, na wenzake wanaandika hilo kosa kwa adabu zote. Na kifutio kipo mezani kwangu kimekung'utwa vumbi lote. Mpaka leo sijui nani alikikung'uta.

Kesho yake niliwaomba msamaha. Yule mvulana akaniambia "mwalimu mi sikujua kama navuma."

Haya, na nyie semeni. Wanaotaka kutuambia ualimu ni wito wapite kimya kimya.

Mama Wawili
Hiyo sauti naijua. Nimeisoma nikasikia baridi.

Mzee wa Zamu
Pole mwalimu ila hapo pa kuwaomba msamaha umekosea. Nina miaka 27 kazini. Ukiomba msamaha leo kesho watakupima tena. Ungemwita yule kijana pembeni, yakaisha.

Mama Wawili
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo tunapishana. Sasa hao watoto wataona wapi mtu mzima akikosea anafanyaje? Tunawaambia kila siku "muombe mwenzio msamaha", sisi wenyewe hatujawahi.

Mzee wa Zamu
Marahaba. Darasani kwangu hakuna vurugu, uliza.

Kengele ya Pili
Mzee huenda hakuna vurugu kwa sababu wanakuogopa, hiyo nayo si sifa sana 😂

Mzee wa Zamu
Nyie vijana mna majina ya mambo yote ila darasa linawashinda.

Fizikia na Maumivu
Nisiingilie ugomvi wa wakubwa. Ninachotaka kusema, hii kitu tunaitaja kama udhaifu wa mtu binafsi wakati ina jina na inajulikana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walipopitisha ICD-11, ile orodha yao ya magonjwa na matatizo ya afya, waliuweka uchovu wa kazi humo, na hawakuuita ugonjwa, waliuita jambo linalotokana na kazi, yaani stresi ya kazini iliyokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Dalili tatu: unaishiwa nguvu, unajitenga na kazi kiakili au unaichukia, na unaona hakuna unachofanya kikafaa. Mimi ile ya pili ndo ilinipata. Sikulia wala sikurusha kitu. Niliacha tu kujali. Mtoto anafeli naandika alama yake na kugeuza karatasi, kama mtu anayehesabu matofali. Hiyo kwangu ndo ilikuwa siku mbaya, na ilichukua mwaka mzima.

Kengele ya Pili
Umetuletea semina mkuu, posho iko wapi?

Fizikia na Maumivu
Ndo maana hatusaidiki. Mtu akieleza kitu mnacheka.

Vumbi la Chaki
Usiondoke bwana, hiyo ya matofali imenigusa.

Mama Wawili
Tukiongelea semina, mimi walituita siku nzima kutufundisha akili hisia, jitambue, zitaje hisia zako, vuta pumzi. Sipingi, na kusema kweli ile ya kuitaja hisia inanisaidia, nikijiambia kimoyomoyo "hapa nimeona aibu" ile hasira inashuka kidogo, kwa sababu mara nyingi kweli ni aibu imevaa koti la hasira. Lakini tulipotoka pale tukakuta vipindi vimeongezwa. Sasa nivute pumzi saa ngapi? Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, mwaka 1983 aliandika kuhusu wahudumu wa ndege, kwamba kutabasamu kwa amri nako ni kazi, inamchosha mtu. Yule mhudumu abiria wake wanashuka. Wangu narudi nao kesho.

Ticha Mgeni
Samahani wakubwa, mimi nina miezi minne kazini. Mnafanyaje pale pale, ile dakika yenyewe inapopanda?

Kengele ya Pili
Geuka uandike tarehe ubaoni pole pole, herufi moja moja. Ukifika kwenye mwaka umeshatulia.

Mzee wa Zamu
Usiwape mgongo! Ndo wakati karatasi zinaruka.

Mama Wawili
Pumua, ila kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuingiza. Na grupu la wazazi ukifika nyumbani funga sauti.

Kengele ya Pili
Au tafuta kazi benki.

Wino Mwekundu
Sikutaka kuandika ila mmenichokoza. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi. Usiku, baada ya kusahihisha insha za madarasa mawili, nilichukua karatasi ile ile ya mtihani nikaandika kwa peni nyekundu maana ndo iliyokuwa mkononi, nusu ukurasa. Nikalala. Asubuhi nimechelewa nikakusanya kila kilichoko mezani, nikaingia darasani nikagawa insha.

Mnaona inapokwenda.

Ticha Mgeni
Mungu wangu

Kengele ya Pili
Hapana. Hapana. Usituambie.

Vumbi la Chaki
Endelea mwalimu, usituache hapo.

Mzee wa Zamu
Huyu kaenda wapi sasa?

Fizikia na Maumivu
Yaani nimeandika aya nzima ya maana, mtu kaja na barua watu wote wamehamia huko.

Wino Mwekundu
Nimerudi, nilikuwa na zamu. Basi, ilimwangukia msichana mmoja wa mstari wa mbele, mkimya, hata ukimuuliza swali anajibu kwa kichwa. Sikujua kitu. Kipindi kikaisha, wote wanatoka, yeye akabaki, akaniwekea karatasi mezani imekunjwa mara nne akasema "hii si yangu mwalimu" akaondoka. Nikaifungua. Nilikuwa nimeandika "nacha kazi". Pale juu, kwa penseli, pameongezwa herufi a ndogo na kale kamshale ninakowafundisha. Naacha.

Nilicheka peke yangu darasani mpaka macho yakatoka machozi, halafu nikaona kicheko kimeisha machozi yanaendelea.

Hakumwambia mtu, nina uhakika, maana darasa lingebadilika na halikubadilika. Kelele zile zile. Yeye tu ndo kila nikiingia alikuwa ananiangalia kama anahesabu kama nipo.

Mama Wawili
😭😭 Kasahihisha bila kukusuta.

Vumbi la Chaki
Nimekumbuka kifutio changu.

Kengele ya Pili
Huyo mtoto apewe hiyo semina aifundishe yeye.

Mzee wa Zamu
Na ulimwambia nini? Ulimshukuru?

Wino Mwekundu
Sikuweza mzee. Kwenye insha yake iliyofuata niliandika "asante" chini ya alama. Sijui kama alielewa ni ya nini.

Mzee wa Zamu
Alielewa.

Vumbi la Chaki
Mimi yule kijana wa ofisini kesho nakaa naye. Sijui nitaanzia wapi.

Fizikia na Maumivu
Usianze na ushauri. Muulize tu ana vipindi vingapi kesho, umpunguzie kimoja.

Ticha Mgeni
Mwalimu Wino, ile barua uliipeleka?

Wino Mwekundu
Niliiandika upya, bila kosa. Iko kwenye droo, mwaka wa tatu sasa.

Msomaji Kimya
Yangu iko kwenye simu.