Prosesa ya Ryzen 5 3600 ikiwa 4.2 GHz inachemka hadi nyuzi 94, nishushe volteji au spidi?

mtoto_wa_tabata: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina Ryzen 5 3600 na feni ni ileile iliyokuja kwenye boksi, kazi yangu kurenda video za harusi, juzi nikaingia BIOS (setingi za msingi za mashine) nikapandisha spidi ya kori zote 6 hadi 4.2 volteji nikaiacha oto, sasa nikianza kurenda HWiNFO (programu ya kusoma joto na volteji) inasoma volti 1.45 na joto 94, chumba hakina AC na joto la Dar mnalijua. Nikashusha volteji hadi 1.20 dakika ya tatu tu skrini ya bluu. Hapo katikati naanzia wapi, na je nimeshaiunguza? Hela ya prosesa nyingine sina kabisa

fundi_usiku: Mkuu tatizo ni hiyo oto. Ukishapandisha spidi kwa mkono mazabodi inamwaga volteji nyingi ilimradi mashine isizime, na joto linafuata volteji mara volteji, ukitoka 1.45 kuja 1.275 spidi ileile umeme inaokula unashuka karibu 23%. Weka spidi 4.1 na volteji 1.275. Hiyo tofauti ya spidi kwenye renda ya saa nzima ni dakika moja na nusu tu, ya nini kuchoma prosesa

kimya_kimya: mbona yangu sijagusa kitu na naona 1.47 na inadunda tu

fundi_usiku: Ya kwako ni kawaida kaka, inapanda hivyo kori moja au mbili zikiwa na kazi nyepesi, ukizibana zote inashuka yenyewe. Ya huyu imegandishwa 1.45 kori zote zikiwa na mzigo, ndo inayokula prosesa taratibu

DadaBodi: Mdogo wangu angalia na LLC, setingi ya BIOS ya kuzuia volteji isizame. Mzigo ukiingia volteji inazama chini ya uliyoweka ndo unapata skrini ya bluu, ila usiweke ile kali kabisa maana mzigo ukitoka ghafla inaruka juu, weka ya katikati. Kwenye HWiNFO usisome VID (volteji ambayo prosesa inaomba), soma mstari wa SVI2 TFN (inayoipata kweli). Pima na Cinebench R23 (programu ya kuibana prosesa) dakika 30, ikianguka panda volteji hatua moja ndogo, kwa feni hiyo mi nisingevuka 1.3. Ikigoma kuwaka chomoa umeme utoe ile betri ya duara dakika chache, setingi zinarudi. Na kama una kazi za wateja wiki hii rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani kwanza, majaribio baadae

mtoto_wa_tabata: Asanteni sana. Kazi za watu nimezimaliza kwanza kama dada alivyosema, leo ndo nimejaribu, 4.1 kwa 1.275 ikaanguka dakika ya 19, nimesafisha feni nikabadili na pesti ya kupitisha joto nikapanda 1.2875 imemaliza zote 30, joto 86

DadaBodi: Ibaki hapohapo. Mchana jua likiwa kali pima tena, usiku inadanganya