Naombeni ushauri: ex anataka niseme sikuwahi kumpenda baba wa mwanangu, kanikumbusha Gatsby

Habarini wakuu.

Wiki iliyopita nimemaliza The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, kile kitabu cha 1925, na tangu hapo sina amani. Kwa ambao hamjakisoma, Gatsby alikuwa mwanajeshi hana kitu, akapendana na Daisy kule Louisville 1917, akapelekwa vitani, huku nyuma binti akaolewa na Tom mwenye hela zake. Miaka mitano baadae jamaa kashatajirika kwa pombe ya magendo, kanunua jumba ng'ambo ya ghuba wanakoishi kina Daisy, usiku anasimama nje kuitazama taa ya kijani kwenye gati lao. Sasa huyu kurudiwa tu hakukumtosha, alitaka Daisy amwambie mumewe kwamba hajawahi kumpenda hata siku moja, halafu warudi Louisville akamuolee nyumbani kwao kama vile ile miaka haikuwepo.

Mimi nina mtoto mmoja, na baba yake tuliachana kwa amani miaka miwili sasa. Mwanaume niliyekuwa naye chuo kanitafuta, ametulia, ananijali kwelikweli, nami moyo wangu upo kwake. Ila kila tukiongea anarudi palepale, niseme niliolewa kwa shinikizo la nyumbani, mapenzi hayakuwepo. Si kweli, yule mtu nilimpenda. Hadi sasa nanyamaza tu. Nimwambie ukweli au nimpe hilo neno moja yaishe?

Kibatari: Dada usimpe. Rudia ile siku ya joto kali pale hoteli ya Plaza, New York. Daisy alijitahidi akalisema, tena kwa kusitasita, Tom akamkumbusha siku aliyombeba ili viatu vyake visilowe, basi akashindwa kuendelea, akamgeukia Gatsby akamwambia unataka makubwa mno, nakupenda sasa hivi, haitoshi? Akakiri kwamba yeye Daisy aliwahi kumpenda Tom, na Gatsby naye alimpenda. Jamaa aliisha palepale. Ukimpa hilo neno leo kesho atataka lingine, maana anagombana na miaka, na miaka huwezi kumtolea wewe.

mama_wawili: Mi naomba tumuonee huruma kidogo huyo mwanaume. Mnasahau Daisy usiku wa kuamkia harusi alilewa, barua kaing'ang'ania mkononi mpaka ndani ya maji ya kuoga ikachanika vipandevipande, halafu nusu saa baadae lulu za dola 350,000 zipo shingoni, na kesho yake saa kumi na moja jioni kaolewa na Tom bila hata kutetemeka. Aliyeachwa hivyo lazima kidonda kibaki. Mwambie ukweli ila mwambie kwa upole, mshike mkono.

Msomaji Mtulivu: Wote mmeruka mtoto jamani. Daisy ana binti wa miaka mitatu, siku hiyohiyo kabla hawajaenda hotelini yaya anamleta sebuleni na kigauni cheupe, Gatsby anampa mkono, halafu kila mara anamtupia jicho la mshangao, na Nick anayesimulia anaona kabisa kwamba huyu bwana hakuwahi kuamini kama huyo mtoto yupo. Mimi pale nilifunga kitabu kwanza, maana ile miaka mitano anayotaka ifutwe ndo hiyo imesimama mbele yake inamsalimia. Dada nikuulize kitu kimoja, huyo jamaa akiulizia habari za mwanao anamtaja jina?

Mleta uzi: Asanteni sana, @mama_wawili nimekuelewa, nitaongea naye taratibu. @Msomaji Mtulivu umenigusa pabaya, nimerudia meseji zote za miezi minne, jina hajawahi kuliandika, anaandika "dogo" au haulizi kabisa. Jumapili anakuja kula mchana. Nilipanga kumpeleka mtoto kwa bibi yake siku hiyo, sasa nimeghairi, atakaa na sisi mezani, na la baba yake nitalisema mtoto akienda kucheza.