Mjadala: Mfanyabiashara mdogo wa visiwani, kampuni inamfaa au inamlemea?

MTOA MADA (Wete)

Assalamu alaykum. Nimeileta mada hii kwa sababu inanikera na inanihusu. Kila semina ya ujasiriamali ninayohudhuria, iwe Chake au mjini Unguja, tunaambiwa tuachane na majina ya biashara tukasajili kampuni. Mie nauza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, misumari, rangi. Jina la biashara ninalo, leseni ninayo, kodi nalipa. Sasa kaka yangu na rafiki yetu mmoja wanataka kutia mtaji, nao wameshika neno moja tu: tufungue limitedi, yaani kampuni yenye kikomo cha dhima.

Msimamo wangu ni kwamba kwa mfanyabiashara wa kiasi changu kampuni ni mzigo kabla haijawa kinga, na wanaotuhimiza hawatwambii huo mzigo.

Tuanze na kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ndio wanaoikusanya hata huku kwetu. Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayapiti shilingi milioni 100 hukadiriwa kodi kwa mauzo yake na hadaiwi hesabu zilizokaguliwa. Kampuni haina mlango huo. Hata kama mali yake yote ni meza na mizani, inatozwa asilimia 30 ya faida, na lazima awepo mhasibu mwenye sifa wa kuziwekea saini hesabu zake. Kisha mkitaka kugawana kilichobaki, gawio nalo linakatwa asilimia 10. Tuchukue faida ya milioni 10. Milioni 3 kodi, zinabaki 7. Mkigawana zote zinakatwa laki 7. Kinachofika mfukoni ni milioni 6 na laki 3, kabla hamjatazamana usoni nyote watatu.

Pili, hiyo kinga yenyewe. Tunaambiwa kampuni ikifilisika, mwenye hisa hupoteza alichotia tu, nyumba yake haiguswi. Vizuri. Lakini nenda kakope benki kwa kampuni changa uone. Wakurugenzi watatakiwa watie saini dhamana binafsi, na hati ya nyumba iwekwe mezani. Hicho kikomo cha dhima, yaani cha kubeba deni, kimekwenda wapi hapo?

MCHANGIAJI (Darajani, Unguja)

Waalaykum salaam kaka. Hesabu zako za kodi sizipingi. Ila mada umeiandika kama mtu aliye peke yake, na hapo hapo unasema mnakuwa watatu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Mie nilikuwa na ubia wa vitambaa na mwenzangu, bila kampuni, kwa kuaminiana tu. Akenda Dar es Salaam akachukua mali kwa mkopo kwa jina la biashara yetu, nami sikujua kiasi gani. Mambo yakamharibikia akaondoka nchini. Aliyetudai hakumtafuta yeye, alinijia mie, na hakudai nusu, alidai lote. Ndipo nilipojua kuwa katika ubia wa kawaida kila mshirika hubeba deni zima. Niliuza kiwanja changu cha Fuoni kulipa bidhaa ambazo sikuziona kwa macho.

Kwa hiyo swali si ukubwa wa duka. Ni nani mwingine ana ruhusa ya kukutia wewe katika deni.

MCHANGIAJI (Vuga)

Nimesomesha sheria miaka mingi, naomba nafasi.

Msingi wa jambo hili ni kesi ya fundi viatu wa London, Aron Salomon. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Hisa karibu zote zake, mkewe na watoto watano wakashika hisa mojamoja. Kampuni ikaanguka, wadai wakasema huyu na kampuni yake ni mtu yule yule, alipe. Mwaka 1896 Mahakama ya Mabwana (House of Lords), iliyokuwa ya juu kabisa Uingereza, ikakataa: kampuni ikishasajiliwa kihalali ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama nyuma yake kasimama mtu mmoja na familia yake. Kwetu hapa makampuni yana sheria yake, Namba 15 ya mwaka 2013, na msajili wake ni BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. BRELA ni wakala wa usajili wa Bara, msichanganye, maana nimeona watu wamelipa kwa mlango usio wao.

Sasa mtoa mada, kuhusu dhamana ya benki umesema kweli, lakini umeihesabu kupita kiasi. Ile saini inakufunga kwa deni la benki hiyo peke yake. Haikufungi kwa anayekuletea saruji kwa mkopo, wala kwa mteja aliyeangukiwa na paa akadai mabati yako yalikuwa mabovu. Kwa muuza vifaa vya ujenzi, dai la namna hiyo linaweza kuwa kubwa kuliko mkopo wote.

Ninachokiogopa kwa wafanyabiashara wetu ni kingine. Mtu anasajili kampuni, kisha jioni anatoa pesa kwenye mtoto wa meza kununua samaki wa nyumbani, ada ya skuli anailipa kwa akaunti ya kampuni, ritani ya mwaka, yaani taarifa ya kampuni kwa msajili, hapeleki. Huyo kampuni anayo kwenye karatasi tu, na siku ya kesi atashindwa kuonyesha ipi mali yake na ipi ya kampuni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kinga ya kampuni nayo hupotea hivyo hivyo.

MCHANGIAJI (Micheweni)

Sisi ni kikundi cha wanawake wa mwani, tunatengeneza sabuni. Nasi tulishauriwa kampuni, tukakataa, tukabaki ushirika. Sababu yetu ni moja: katika kampuni kura hufuata hisa. Mwenye pesa akinunua hisa nyingi anatuamulia sisi tunaoingia baharini maji yakitoka. Katika ushirika kila mtu kura moja. Hilo la kodi hatukulifikiria hata kidogo.

MCHANGIAJI (Mkoani)

Mbona hakuna aliyetaja mauti? Baba yetu alikuwa na duka la jumla, jina la biashara, akaunti ya benki kwa jina lake. Alipofariki, Mungu amrehemu, akaunti ilisimama siku ile ile, na ni haki kusimama, kwa sababu pesa zilikuwa za marehemu na marehemu ana warithi. Mirathi tukaipeleka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sheria ya Mungu iko wazi: mama thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na sisi watoto mwanamme mafungu mawili ya mwanamke. Kugawa kwenye karatasi hakukuwa na shida. Shida ilikuwa duka. Utaigawaje thumuni ya magunia ya mchele yanayouzwa kila siku? Kaka mkubwa akasema yeye ndiye aliyefanya kazi pale, dada wakataka haki yao kwa pesa taslimu. Tulibishana sisi wenyewe miezi, mchele ukaingia wadudu, wateja wakahamia kwengine.

Lingekuwa kampuni, kinachorithiwa ni hisa. Mama anapata thumuni ya hisa, kila mtoto fungu lake kwa sheria ile ile, na asubuhi duka linafunguliwa kama kawaida. Sijui kwa nini semina hazianzi na hili.

MTOA MADA (Wete)

Nimesoma yote. Ndugu wa Mkoani, hilo sikuwa nimeliwaza, na nimelala nalo. Ndugu wa Darajani pia umenitoa kwenye msimamo wangu nusu: ubia wa maneno na watu wawili wengine siutaki tena.

Juu ya kodi sijarudi nyuma. Ningekuwa peke yangu, ningebaki na jina la biashara mpaka mauzo yapite hiyo milioni 100 au mpaka nianze kuchukua mali ya deni kubwa. Na nasisitiza wanaosomesha semina wawe wanaandika hesabu hizi ubaoni. Mwenye genge la mbogamboga Machomanne hana la kufanya na mkaguzi wa hesabu.

MCHANGIAJI (Vuga)

Hapo tumekutana. Ila mkisajili, msinunue katiba ya kampuni iliyokwisha chapwa mkajaza majina. Andikeni ndani yake mmoja akifa hisa zake zinathaminiwa vipi, na waliobaki wana haki ya kuzinunua kwanza au hawana. La sivyo mtakuja kukaa meza moja na warithi msiojuana nao.

MTOA MADA (Wete)

Nimelichukua, Maalim. Ijumaa baada ya sala tunakaa watatu. Nitawauliza hilo la mauti kwanza, kisha nani ataandika daftari kila jioni. Na nyumba ya mama haiwekwi dhamana, tuwe kampuni au tusiwe.