Jiwe moja kubwa au vijiwe vidogo vingi: kipi cha kuhofia zaidi?

BintiMakorora: Habari za usiku wanajamvi. Mimi na wifi yangu tumepimwa altrasaundi wiki moja, hapahapa Tanga mjini. Yeye ana jiwe moja kwenye mfuko wa nyongo, milimita 22, na haumwi popote. Limeonekana akipimwa mambo mengine. Mimi nina vijiwe vingi vya milimita 3 hadi 4, na nimeshabanwa mara mbili chini ya mbavu za kulia baada ya biriani. Nyumbani wanamlilia yeye. Mimi naambiwa nishukuru, vyangu ni mchanga. Nani apasuliwe, nani asubiri?

Mzee_Raskazone: Wifi yako, swali gani hilo? Jiwe saizi ya kokwa ya tende!

Nesi_Ngamiani: Shikamoo mzee, lakini kwa upande wa kongosho, ile tezi ya kumeng'enya chakula iliyo nyuma ya tumbo, ni kinyume. Jiwe la milimita 22 halipenyi mrija wa nyongo. Linaweza kuziba mdomo wa mfuko ukavimba, ila safari haliendi. Kijiwe kama punje ya mtama kinateleza mpaka chini kabisa, pale mrija wa nyongo na wa kongosho inapokutana kuingia utumbo. Kikinasa hapo, vimeng'enya vya kongosho vinaanza kulimeng'enya kongosho lenyewe. Kwa hiyo vilivyo chini ya milimita 5, tena vingi, ndivyo vya kuogopa. Hata tope la nyongo, yaani nyongo nzito iliyotuama mfukoni, lina uwezo huo. Asiyeumwa kama wifi, kwa kawaida huachwa. Wengi huzeeka na mawe yao.

Binti, umejifungua karibuni?

BintiMakorora: Ndiyo, mtoto ana miezi minne. Kwani inahusu?

Nesi_Ngamiani: Sana. Ujauzito huilegeza nyongo, tope na mawe hujengeka. Na usikimbilie kujinyima kula ili upungue haraka.

Msafiri_Pangani: Hapo pa kujinyima nipo mimi! Vijiwe vidogo, nikachagua kusubiri, nikala mlo mmoja kwa siku, kilo 14 zikaondoka ndani ya miezi miwili. Usiku mmoja maumivu yakaanza kwenye chembe cha moyo yakatokea mgongoni, kama nimechomwa kijiti cha mishkaki. Kulala chali siwezi. Nimeinama mbele kama mchokoa pweza mwambani, natapika hadi maji. Lipesi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye damu ilizidi mara tatu ya kiwango. Kongosho lilipotulia wakanitoa mfuko wa nyongo kabla ya kuniruhusu. Heri, maana wangeniambia nirudi baada ya mwezi nisingerudi.

Mzee_Raskazone: Mafuta ya zaituni na ndimu je? Mke wangu alitoa mawe ya kijani, nimeyaona kwa macho yangu.

Nesi_Ngamiani: Mzee wangu, hayo ni madonge ya mafuta yaliyogandia tumboni, karibu na sabuni. Na mafuta mengi huukamua mfuko. Kwa mwenye vijiwe vidogo ni kuvisukuma mlangoni. Binti, onana na daktari wa upasuaji mapema. Maumivu yakipiga mgongoni, ukitapika mfululizo au macho yakawa ya njano, usingoje asubuhi.

BintiMakorora: Jumatatu naenda na karatasi yangu. Wifi kausoma uzi wote, kaja kuninyang'anya sahani ya sambusa.