Naombeni ushauri: Frere wa Kengeleni nimwelezeje kwa dakika kumi?

MwanaKisauni
Wadau, hamjambo. Vijana wa kanisani kwetu wamenipa dakika kumi Jumapili nieleze lilikotoka jina la Frere Town, mtaa huu wetu wa Mombasa wenye Kengeleni. Hadi juzi mimi mwenyewe nilidhani ni "Free Town", mji wa walioachwa huru! Nikasoma, kumbe Sir Bartle Frere alitumwa Unguja mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash aache biashara ya watumwa, na wamishenari wakakipa jina lake kijiji cha walioachwa huru walichokianzisha hapa. Hotuba tayari. Namsomea binamu yangu wa Durban kwa simu, akanikatiza: "Si huyo aliyewaletea Wazulu vita?" Nimekwama. Nimsifu ama nimwache?

BiMkubwa_Nyali
Mwanangu, binamuyo hakukosea. Desemba 1878, Frere akiwa ndiye mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Afrika Kusini, Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, alipewa siku 30 avunje jeshi lake. London haikutaka vita wakati huo. Januari 22, 1879, pale Isandlwana, upande wa Waingereza wakafa watu zaidi ya 1,300. Mwaka uliofuata akarudishwa kwao. Yaseme yote mawili. Na hata Unguja usimpambe sana: aliondoka bila saini ya Barghash. Ilipatikana Juni, Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alipotishia kukizingira kisiwa kwa manowari.

MchimbaKale
Mmemng'ang'ania mtu mmoja tu. Babu yake Bartle, John Frere, aliwaandikia watafiti wa mambo ya kale wa London mwaka 1797 kuhusu mawe yaliyochongwa, yaliyotoka futi 12 chini kwenye shimo la udongo wa matofali huko Hoxne, Uingereza. Akasema ni silaha za watu wasiojua chuma, wa enzi za mbali mno. Barua ikachapishwa, ikalala miaka karibu sitini. Sasa sikiliza: Mary Leakey, yule mtafiti wa Olduvai, Tanzania, aliyeliona fuvu la kale sana la Zinjanthropus mwaka 1959, mamake alikuwa wa ukoo huohuo. Hapo vijana wataamka.

MwanaKisauni
Leakey?! Lakini mzee wa kanisa ataniuliza, mawe yanahusiana nini na sisi.

BiMkubwa_Nyali
Anzia kengele yenyewe, ile iliyoipa Kengeleni jina; wanaipita kila siku. Ilikuwa ikipigwa kuonya kwamba wakamata watumwa wanakuja. Halafu wataje waliokijenga kijiji, maana Frere hakuishi hapo. Kulikuwa na Waafrika wa Bombay, waliookolewa majahazini wakiwa wadogo, wakasomeshwa Nasik, India, kisha wakarudi huku kufundisha. William Jones, George David. Wangapi kanisani kwenu wanayajua majina hayo?

MwanaKisauni
Hata mimi siyajui, mama. Basi naifuta ile hotuba. Kengele, kisha Jones na David. Frere nampa dakika tatu: mbili za Barghash, moja ya Cetshwayo.

MchimbaKale
Binamu wa Durban atakununia. Na Leakey je?

MwanaKisauni
Nitampenyeza wakati wa maswali.