Naomba ushauri: mama kuwekewa mpira wa chakula tumboni

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 78 na kisukari cha muda mrefu. Alipata kiharusi, na tangu hapo hata maji yanampalia. Wiki ya tano sasa tunamlisha kwa mpira wa puani. Ameshauchomoa mara tatu usiku, hadi tunamvalisha soksi mikononi kama kichanga. Inauma kumwona hivyo.

Daktari anashauri atobolewe, mpira uingie tumboni moja kwa moja. Hakunificha kitu: utobozi wenyewe ni wa muda mfupi, ila wapo wanaofariki wiki za mwanzo, na mara nyingi kinachowaua si tundu bali ugonjwa uliowafikisha pale. Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye albumini (aina ya protini) ndogo kwenye damu na wenye maambukizi tayari. Mama albumini yake iko chini. Pia mpira hauzuii mate au chakula kilichorudi juu kuingia mapafuni, kwa hiyo hatari ya nimonia bado ipo palepale.

Kaka mkubwa anasema tusimtese. Dada anataka kesho asubuhi. Mimi ndiye ninayelala naye wodini, nimebaki katikati.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi, alikaa muda gani? Tundu mlilisafishaje, na uji wa blenda haukuziba? Na je, tusubiri kwanza albumini ipande?